Ukoo Unaomba, Mmoja Anatia Sahihi

Kwenye kilio kimoja hapa Bukavu, nilisikia mzee akilaumu mtoto wa mdogo wake anayeishi Ottawa: "Ule mutoto tulimusomesha sisi wote. Leo tunamuomba tu atie sahihi juu ya mama yake aingie Kanada, anakatala. Roho yake imekuwa ya Wazungu." Watu wakatikisa kichwa, na mimi pia. Nilipofika nyumbani ndipo nilijiuliza kama tulijua kile tulichokuwa tunaomba.

Sahihi ile si barua ya mwaliko tu. Kule Kanada, anayemuingiza mzazi wake kwa makazi ya kudumu anaahidi mbele ya serikali kumtunza miaka 20. Katika Québec ni 10. Mama akipewa msaada wa serikali ndani ya muda huo, mtoto anadaiwa. Akipoteza kazi, ahadi inabaki. Kwa bibi au bwana ni miaka 3, na hata wakiachana haikatiki. Ubelgiji nako, anayejiandikisha kwenye komini kumbeba mgeni wa muda mfupi anaweza kudaiwa kwa miaka 2 gharama za matibabu, malazi, hata za kumrudisha kwao. Mpwa anakuja kwa arusi, anapotelea Brussels, mjomba anabaki na deni.

Nafikiri juu ya mahari. Kwetu Bushi ng'ombe hawakutoka kwa kijana peke yake. Baba, wajomba na ndugu waliwatafuta pamoja. Ndoa ikivunjika na mahari kudaiwa, wale waliokuwa wamekula upande wa binti walihangaika pamoja kurudisha. Sisemi ilikwenda bila ugomvi, maana kesi za ng'ombe ziliwachosha machifu wetu sana! Lakini deni lilikuwa la ukoo mzima, na ng'ombe wakisharudi, maneno yaliisha.

Leo tumeshika nusu ya desturi. Kuomba tunaomba kama ukoo: kikao kinaketi, mzee anasema, simu inapigwa. Kulipa tunamwachia mmoja.

Mtu ataniambia: huyo alilipiwa minerval, shamba likauzwa juu yake, basi ana deni kwetu. Ni kweli, na mwenye choyo simtetei. Lakini deni la namna hiyo mtu hulilipa kadiri anavyopata: mwezi huu anatuma dola 50, mwezi ujao hana kitu, na sisi tunaelewa. Karatasi ya serikali haielewi hivyo. Tena anayeitia sahihi ana watoto wake ambao hawakuketi kwenye kikao chetu, nao njo watakaokula kidogo zaidi siku deni likianza kudaiwa.

Nilirudi kumuona yule mzee. Nikamuuliza: "Baba mukubwa, mama akikwama kule na mutoto adaiwe, sisi tutatuma nini?"

Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema: "Mwalimu, iko parsela ya Kadutu."

Wadogo zake wawili walikuwa pale. Mmoja akasema parsela ile ni ya watoto wote, haiwezi kuuzwa juu ya mutu mumoja. Mwingine akauliza kwa nini basi mshahara wa yule wa Ottawa ndio uuzwe. Hawakupatana siku ile. Ila walikubali kwamba hakuna atakayempigia simu tena mpaka wapatane.