Mtoto Mwenye Kikohozi Si Mlozi

Katika njia za pumzi Mungu ametia vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Usiku na mchana hupungapunga, vikisukuma makohozi na vumbi vitoke mapafuni. Kinachovitikisa ni protini iitwayo dineini. Ian Gibbons na Arthur Rowe waliipa jina hilo mwaka 1965.

Lakini watoto wengine huzaliwa na dineini yenye kasoro, ambayo mara nyingi wameirithi kwa baba na mama walio wazima. Makohozi hayatoki, mtoto hukohoa tangu siku zake za kwanza. Tena, karibu nusu yao moyo umekaa upande wa kuume.

Hapo watu hunong'ona: «Ni mlozi huyu.» Kumbukeni Yezu mbele ya yule kipofu: alikataa katakata kwamba dhambi yake au ya wazazi wake ndiyo iliyomnyima macho (Yoane 9).

Basi mpelekeni hospitalini. Kasoro yenyewe haiondoki, lakini kutoa makohozi kila siku na dawa za mapafu humsaidia sana. Anayemsingizia mtoto ulozi avunja amri ya nane. Anayembeba mgonjwa, ambeba Yezu.