Usinunue Tausi kwa Pupa

Mpwa wangu, nimesikia umeshampata mtu wa kukuuzia tausi, na ile bustani ya nyuma ya nyumba yako hapo Kimihurura, Kigali, umeshaipigia hesabu: dume mmoja, majike watatu, mayai kila mwezi, vifaranga kila msimu, wateja ni wenye mahoteli na wenye majumba yenye nyasi za kukatwa kwa mashine. Mimi nimechoka kuwazuia vijana, maana anayezuiwa hununua usiku. Sikuzuii. Keti tu unisikilize, kisha ukanunue huku unajua unachonunua.

Hesabu yako imeanzia kwa kuku. Kuku wa mayai hutaga akiwa na miezi mitano au sita. Tausi jike huanza akiwa na miaka miwili hivi, na dume huchukua kama miaka mitatu hadi mkia wake utimie. Tena jike hatagi kila siku. Hutaga leo, kesho hupumzika, akifikisha mayai manne hadi manane hukaa akaatamia. Ukimwondolea mayai ataendelea kutaga, na wafugaji wenye mashine za kutotolea ndivyo wafanyavyo, lakini msimu wake ukiisha umeisha. Kwa hiyo hilo neno "kila mwezi" lifute kwenye daftari kabla hatujaendelea.

Sasa huyo muuzaji. Akikuletea mayai yaliyosafiri usiku kucha kwa basi kutoka ng'ambo ya mpaka, mshukuru, mpe chai, aende nayo. Yai la kutotoa likitikisika safari nzima huna namna ya kujua limebaki na nini ndani. Akikuletea vifaranga na kukuapia kwamba hawa ni jozi, muulize amejuaje. Katika miezi ya mwanzo dume na jike wanafanana mno. Utawalisha mwaka mzima, kisha ugundue umelea madume wawili wanaopigana. Nunua waliotimiza mwaka, ambao shingo zao zimeshasema: dume ana shingo ya bluu kali, jike ana ya kijani na tumbo lenye weupe. Uliza pia kama ni ndugu wa tumbo moja. Wengi hawaulizi.

Na akija mwingine kukunong'oneza kwamba anaweza kukupatia tausi wa Kongo, jifanye humjui. Ndege huyo yupo kweli, kwenye misitu ya tambarare huko kwa jirani zetu, na wanasayansi hawakumtambua hadi mwaka 1936, Mmarekani James Chapin alipomtangaza baada ya kukaa miaka mingi na unyoya mmoja aliouona kwenye kofia ya mwenyeji wa Ituri. Ndege wa porini, tena anayelindwa. Tausi wa kufuga ni yule wa asili ya Bara Hindi, ambaye wanadamu wamekaa naye karne nyingi. Mtake huyo, na karatasi zake za daktari wa mifugo na za kuvuka mpaka zikiwa mkononi, si za kuahidiwa.

Utaniambia, "Mjomba, kule Dar es Salaam tausi wanazurura Ikulu, mbona wanazaliana?" Wanazaliana, ndiyo. Wana uwanja mkubwa na watumishi, na hakuna anayewadai marejesho ya mkopo. Mwaka 2020 Rais Magufuli aliwagawia marais wastaafu baadhi yao. Angalia hapo: walizawadiwa, hawakuuziwa.

Kazi yenyewe iko kwenye kifaranga, na hapa nataka uache simu. Wazee wa mtaani watakwambia mayai umpe kuku wa kienyeji ayaatamie, kwa kuwa tausi jike hutishika upesi akaacha kiota. Ushauri si mbaya. Mtetea mmoja mzito atafunika mayai matatu au manne, wala asiongezewe. Ila kuku amezoea siku 21, na yai la tausi linataka 28 au zaidi kidogo, kwa hiyo chagua mtetea mwenye moyo wa kukaa. Yai hilo ni kubwa, pengine atashindwa kuligeuza. Litie alama kwa penseli upande mmoja, uligeuze mwenyewe asubuhi na jioni, na siku tatu za mwisho usiliguse kabisa. Kama ni mashine, iwe kwenye nyuzi 37.5, na uwe na njia nyingine ya moto siku umeme ukikatika.

Lakini kuku huyohuyo ndiye anayeua. Kuna kijidudu kinachoishi ndani ya mayai ya minyoo ya utumbo wa kuku. Kuku anacho na anatembea mzima, anataga, anakula. Kinyesi chake kikianguka chini, mayai ya minyoo hukaa kwenye udongo muda mrefu sana, hata nyungunyungu huyameza. Tausi mchanga akidonoa hapo, kijidudu hushambulia utumbo na ini. Utamwona amejikunja, mabawa yameshuka, anaharisha kinyesi cha manjano ya kukolea, na kwa kawaida ukishayaona hayo umechelewa. Ndiyo maana mwenye akili hawaweki vifaranga wa tausi kwenye ardhi iliyochakurwa na kuku. Huwalea juu ya sakafu ya wavu, kinyesi kidondoke chini wasikifikie, na wakubwa hupewa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari. Wewe, nasikia, banda la zamani la kuku ndilo unalotaka kupaka rangi.

Halafu baridi. Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na usiku wetu hushuka hadi nyuzi 15 au 16. Kifaranga wa tausi wiki ya kwanza anataka nyuzi 35, kisha unampunguzia kidogo kidogo kila wiki. Chakula cha kuku wa mayai hakimfai. Anataka cha vifaranga wa bata mzinga, chenye protini nyingi. Tena mara nyingine hajui kula: inabidi uketi ugonge-gonge chakula kwa ncha ya kidole mpaka adonoe. Nani atakayeketi hivyo? Wewe unatoka nyumbani alfajiri.

Majirani nao wapo. Dume akiingia msimu hulia kabla hakujapambazuka, na sauti yake itashuka mteremko wote huo. Akipata nafasi atalala juu ya paa la mwenzio. Akiona kivuli chake kwenye mlango wa gari jeusi lililong'arishwa atadhani ni dume mwingine, atalipiga kwa kucha, na Kimihurura magari hayo hayana idadi.

Mji huu umeshafuga ndege wa fahari kabla yako. Imisambi, korongo wale wenye taji la dhahabu, walikuwa wakitolewa mabondeni na kuwekwa kwenye bustani za mahoteli na za watu wenye uwezo. Walikatwa mabawa, wakarushiwa makombo, na humo bustanini hawakuwa wakizaa. Akifa mmoja, kinamasi kinadaiwa mwingine. Daktari wa wanyamapori Olivier Nsengimana alianza mwaka 2014 kuwatafuta nyumba kwa nyumba, pamoja na serikali, na zaidi ya 200 wakatolewa. Wenye nguvu walipelekwa hifadhi ya Akagera. Waliovunjwa mabawa wasiweze tena kuruka wako Umusambi Village, iliyofunguliwa mwaka 2021. Nenda ukawaone, uwatazame vizuri yale mabawa. Tausi hawapungui duniani kama imisambi, hilo najua, lakini bustani isiyozaa ndege inawala tu. Ukiwa kila mwaka unanunua wengine kuziba pengo la waliokufa, hiyo biashara ya vifaranga ni ya huyo muuzaji.

Basi anza na banda. Lipite urefu wa mtu, lifunikwe wavu juu, liwe na boriti pana ya kulalia na ardhi ambayo kuku hawajaikanyaga. Likae tupu mvua za Machi hadi Mei zipite juu yake, uone maji yanasimama wapi. Kisha nipigie, twende wote kwa huyo muuzaji, na bei uniachie mimi.