Mchimba Kisima na Msukumaji

Mwishoni mwa Desemba 1910, wanamaji wa manowari ya Kiingereza iitwayo Hyacinth waliteremka Dubai kutafuta bunduki za magendo. Walipekua majumba ya watu, mji ukaghadhibika, risasi zikalia. Wenyeji 37 waliuawa, na Waingereza nao wakapoteza watu wao kadhaa. Baada ya hapo Percy Cox, mwakilishi wa Uingereza katika Ghuba, alimdai mtawala wa Dubai, Sheikh Butti bin Suhail, rupia 50,000 pamoja na bunduki 400. Mji uliokuwa ukizika ndio uliotozwa fidia.

Bunduki zile hazikufuliwa Dubai. Zilitoka katika viwanda vya Ulaya, vya Uingereza vikiwamo, zikauzwa waziwazi Maskat, kisha zikasambazwa kwa majahazi. Hata hivyo, katika hesabu aliyoipiga Cox hakuwamo mwenye kiwanda hata mmoja. Hesabu ilianzia pale bunduki ilipofika ufukweni, kana kwamba kabla ya hapo haikuwa mali ya mtu.

Swali lililoachwa ufukweni siku ile lingali linasubiri jibu. Je, anayetengeneza silaha, anayeiuza na anayeisafirisha wana deni kwa aliyeuawa nayo? Kifungo na kitanzi ni mambo ya jinai. Hapa linaulizwa jambo dogo zaidi na gumu zaidi: nani amlipe mjane?

Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Umoja wa Falme za Kiarabu, iliyotungwa 1985, ilianza kwa ukarimu mkubwa: kila amdhuruye mwingine na afidie. Kisha ikafuata njia ya fikihi na kutenga watu wawili, mwenye kudhuru kwa mkono wake na mwenye kusababisha tu. Wakikutana katika dhara moja, hukumu humwangukia wa kwanza. Mfano wa wanazuoni ni wa kisima. Mtu akichimba kisima katika njia ya watu bila ruhusa, na mwingine akaja akamtupa humo mnyama wa jirani, anayelipa ni aliyetupa. Mchimbaji huenda zake.

Kanuni hiyo ina busara yake, wala si ya kupuuzwa. Bila hiyo, muuza visu wa Kariakoo angeshtakiwa kwa kila ugomvi wa ulevini, na mhunzi asingethubutu kuwasha moto. Lakini mchimbaji wa mfano ule alichimba mara moja, hamjui msukumaji, na hapati senti kwa kila mnyama anayezama. Muuza silaha anayepokea agizo kutoka kwenye vita anavyovisikia redioni kila asubuhi hafanani naye. Yeye huchimba kisima kipya kila msukumaji anapomletea fedha, tena kwa kina anachotajiwa.

Wanazuoni wenyewe waliliona hilo. Katika mkusanyiko wa Bukhari umo mlango mzima juu ya kuuza silaha wakati wa fitina, na humo imetajwa kwamba sahaba Imran bin Huswain aliuchukia uuzaji huo. Upanga ni uleule na bei huenda ni ileile; kilichobadilika ni kile anachokijua muuzaji. Kumbe ujuzi unaweza kuichafua biashara ambayo jana ilikuwa safi.

Kilomita chache kutoka Dubai, katika uwanja wa ndege wa Sharjah, Viktor Bout aliendesha biashara yake ya ndege za mizigo miaka ya 1990. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilimtaja katika usafirishaji wa silaha kwa wapiganaji wa Angola na Sierra Leone, nchi zilizokuwa chini ya vikwazo. Mwenyewe alisema kazi yake ni kusafirisha mizigo tu. Alikamatwa Bangkok mwaka 2008, na mwaka 2012 mahakama ya New York ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Kosa lake? Kukubali kuwauzia silaha watu aliodhani ni waasi wa Kolombia, kumbe ni majasusi wa Marekani. Alifungwa kwa silaha ambazo hazikuwahi kufika popote. Desemba 2022 alibadilishwa na mchezaji wa mpira wa kikapu Brittney Griner, na mabadilishano yakafanyika uwanjani Abu Dhabi.

Marekani hiyohiyo iliyomfunga ilitunga sheria mwaka 2005 ya kuwakinga watengenezaji na wauzaji wa bunduki dhidi ya kesi nyingi za fidia. Familia tisa za waliouawa katika shule ya Sandy Hook mwaka 2012 zilipenya upenyo mwembamba wa namna bunduki ilivyotangazwa sokoni, na mwaka 2022 zikakubaliana na bima za kampuni ya Remington malipo ya dola milioni 73. Mexico ilijaribu mlango mwingine. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ikaufunga kwa kauli moja: kujua tu kwamba baadhi ya wanunuzi ni wahalifu hakutoshi kumfanya mtengenezaji kuwa mshirika wao. Hoja hiyo si dhaifu, ila inapotamkwa na taifa lililokwisha kuwapa watengenezaji ngao, huwa vigumu kuisikia kama hoja tupu ya sheria.

Mwaka huohuo wa 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, yakiwamo ya Kisangani, ambako majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana Juni 2000 katikati ya mji wa watu wengine. Hakuna muuza silaha aliyekuwa mdaiwa, kwa kuwa mahakama ile hupokea kesi za dola kwa dola. Mjane wa Kisangani anayetaka kumfikia aliyeuza au aliyesafirisha makombora yaliyobomoa nyumba yake hana budi kwenda katika mahakama ya kiraia pale mtu huyo alipoandikisha kampuni. Kama ni huku Ghuba, kisima kile kinamngoja mlangoni.