Je, Ni Halali Kukata Tumbo Lisilooza?

Sisi wa Masisi na Walikale twaijua njaa. Ni rahisi kumcheka mtu apasuliwaye kwa sababu ya unene. Lakini unene uliozidi mno ni ugonjwa, wala si ulafi tu. Mwaka 1988 mganga Douglas Hess, huko Marekani, alimkata mgonjwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, akaifupisha na njia ya chakula matumboni, ili mwili upokee kidogo. Mguu uliooza twaukata. Mfuko huu haukuoza. Hata hivyo kiungo chaishi kwa ajili ya mwili mzima, na mara nyingi kisukari hupungua. Ila mgonjwa atameza vitamini mpaka kufa kwake. Asiyeambiwa hayo kabla ya kisu, je, amekubali kweli?