Ubeti wa Aliyebaki

Siupendi wimbo wa kantri unaosifu ujana wa mji mdogo: barabara ya vumbi, pikapu, mapenzi ya miaka 17. Vumbi hilo lipo hata Mnero, kusini mwa Tanzania, pamoja na mikorosho yake. Lakini hapa nchini, hadi Novemba 2021, binti aliyepata mimba akiwa shuleni alifukuzwa na hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Mwimbaji anakumbuka nywele za mpenzi wake na kicheko cha binti huyo, kisha anawasha gari na kuondoka. Inaniuma. Nautaka ubeti wa yule aliyebaki, mtoto mgongoni, akipalilia ufuta wa mama yake huku wenzake wakifanya mitihani. Sasa anaruhusiwa kurejea darasani. Wimbo unaoanzia hapo ningeusikiliza kila asubuhi.