MGENI WA MBALI NI NANI?

Si mara nyingi jambo dogo la nyumbani hutupa kazi kubwa ya kufikiri. Lakini hivi karibuni tulikaribishwa kukaa na kamati ya harusi moja huko Kileo, katika tambarare iliyo chini ya milima ya Upare, nasi tukatoka pale na swali ambalo halijatuacha. Twaona yafaa kuwashirikisha wasomaji wetu, maana harusi ni shughuli ya kila jamaa, na lililoulizwa Kileo laweza kuulizwa Bukoba, Songea au Tabora.

Mambo yalikuwa hivi. Bwana harusi ni kijana wa Kileo mwenye kazi Dar es Salaam. Bibi harusi, kwao ni Iringa. Walitazamiwa wageni 60 kutoka mijini. Safari ya Dar es Salaam peke yake ni kiasi cha kilometa 500, na wengine wangefika usiku. Ndipo mjumbe mmoja kijana aliposhauri kwamba kila mgeni wa mbali apewe mfuko mara afikapo. Ndani ya mfuko kuwe na chupa ya maji, korosho, biskuti, sabuni, taulo ndogo, karatasi ya ratiba, na kikombe kilichoandikwa majina ya maarusi. Kila mfuko ungegharimu shilingi 12,000, na yote 60 shilingi 720,000. Wengi walipendezwa, na katibu alikuwa amekwisha kuandika, mara mama mmoja mzee, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, akauliza:

"Wanangu, shangazi yake bwana harusi atateremka kutoka Ugweno kwa miguu, na ndizi kichwani. Yeye mmemwandika wapi?"

Katibu akamjibu kwa heshima: "Mama, shangazi si mgeni wa mbali. Yeye ni mwenyeji."

"Haya," akasema yule mama. "Nami sikujua kuwa mwenyeji hashikwi na kiu."

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Katika kunyamaza huko ndimo lilimo swali letu: Mgeni wa mbali ni nani? Na tumpapo kitu, twampa kwa sababu gani?

Kwanza tuseme lililo haki. Wako watakaosema kwamba mifuko hii ni mambo ya kizungu, nasi Waafrika hatuna haja nayo. Hatukubaliani nao. Kumpa msafiri kitu cha kumtuliza ni desturi ya kale kuliko mataifa yote yaliyopo leo. Abrahamu alipowaona watu watatu mbele ya hema lake wakati wa jua kali, hakuanza kuwauliza habari zao. Alitaka maji yaletwe waoshe miguu, kisha akakimbilia mkate na ndama. Na katika lugha yetu wenyewe, neno "zawadi" lina ukoo na neno la Kiarabu ambalo maana yake ni chakula cha safari. Basi zawadi, katika asili yake, si pambo la kuwekwa kabatini. Ni kitu cha kumsaidia mtu aliye njiani asianguke.

Tukiitazama mifuko ya Kileo kwa jicho hilo, twaona kwamba kijana yule alikuwa amefikiri vema. Mtu wa Iringa amezoea baridi ya nyanda za juu. Akishuka katika joto la tambarare usiku, hajui maji ya kunywa yako wapi. Mtoto wake akipatwa na homa, hajui amwamshe nani. Sabuni aliyoisahau nyumbani hataomba, kwa sababu aona haya. Anayemtangulia mtu wa namna hiyo kwa kumpa maji, sabuni na nambari ya simu ya mwenyeji, amemwondolea aibu ya kuomba. Hilo ni tendo jema, na halihitaji kuonewa shaka.

Tena katika jambo moja katibu hakukosea kabisa. Umbali haupimwi kwa kilometa wala kwa jasho peke yake. Aliye mbali kweli ni yule asiyejua amwombe nani maji. Kwa kipimo hicho shangazi, ijapokuwa miguu yake imechoka kuliko ya wote, yuko karibu, maana anaujua mlango, ajua mtungi uliko, na hataona haya kusema, "Nipeni kiti." Mgeni wa Iringa aweza kuwa ameketi vizuri safari nzima ndani ya basi, na bado akawa mbali.

Kama mambo ni hayo, mama yule alikosa wapi? Hakukosa. Yeye hakuuliza kwa nini wageni wa mjini wapewe. Aliuliza shangazi ameandikwa wapi. Na jibu la kweli lilikuwa kwamba hakuandikwa popote. Watu 60 walikuwa wamehesabiwa kwa majina, na maji yao yamehesabiwa kwa chupa. Watu waliotazamiwa kuteremka mlimani walikuwa 34, lakini walihesabiwa katika fungu moja tu: fungu la wapishi na wachota maji. Hapo ndipo neno "mwenyeji", lililo neno la heshima, linapogeuzwa kuwa kisingizio. Twamwita mtu wa nyumbani ili tupate kumsahau bila kusutwa na dhamiri.

Wengine watatujibu: Je, si haki kuwatofautisha wageni? Mzee hukalishwa mahali pa mzee, na mkwe hupewa heshima ya mkwe. Watu wote wakitendewa sawasawa kama magunia ya ghalani, heshima itakuwa wapi? Neno hili lina nguvu, nasi hatulipuuzi. Haki haitaki kila mtu apewe kitu kile kile. Mgonjwa hupewa uji, na mzima hupewa makande, wala hakuna aliyedhulumiwa. Lakini ziko tofauti za namna mbili. Iko tofauti inayofuata haja ya mtu, na iko tofauti inayofuata mfuko wa fedha wa mtu. Ya kwanza ni haki yenyewe. Ya pili ndiyo aliyoikemea Mtume Yakobo, alipowasema Wakristo waliompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri, na maskini wakamwambia asimame. Mtakatifu Benedikto naye, katika Kanuni yake ya karne ya 6, aliagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Kisha akataka maskini na mahujaji waangaliwe zaidi. Alijua kwamba tajiri hana haja ya kuombewa heshima. Utajiri wake humpatia heshima kwa sababu ya hofu ya watu. Kanuni ni lazima iwasemee wale ambao hofu haiwasemei.

Basi mwenye nyumba atajuaje kama mfuko wake wafuata haja au wafuata fedha? Twaona dalili tatu.

Dalili ya kwanza ni mchango. Siku hizi harusi nyingi katika nchi yetu hufanywa kwa michango. Majina na ahadi huandikwa katika vikundi vya simu, na kila mtu huona nani ametoa na nani bado. Kuchangiana ni kuzuri. Huko Upareni wazee walikuwa na msaragambo: kijiji kizima kilitoka na majembe kuzibua mfereji au kutengeneza ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya mashamba. Kila mtu alileta nguvu zake, na maji yalipopatikana yalikuwa ya jumuiya. Lakini mchango wa harusi ukigeuka kuwa kiingilio, hauwi tena msaragambo, umekuwa biashara. Na mfuko apewao mtu kwa sababu amelipa kiasi fulani si zawadi; ni stakabadhi yenye biskuti ndani. Aliyeupokea hana la kushukuru, na aliyenyimwa ametangazwa umaskini wake mbele ya watu siku ya furaha.

Dalili ya pili ni macho. Mfuko unaotolewa kwa haja hutolewa mahali penye haja: penye kituo cha basi usiku, au kando ya kitanda cha mgeni. Mfuko unaotolewa kwa fahari hungoja mpiga picha. Kikombe chenye majina ya maarusi hakimwondolei mtu kiu kuliko kikombe kisicho na jina. Hatusemi ni dhambi kuweka ukumbusho. Twasema tu kwamba anayenunua ukumbusho wakati maji hayajatosha watu wote, amejikumbuka mwenyewe kwanza.

Dalili ya tatu ni deni. Jamaa ikikopa ili wageni wasiseme, wageni wataondoka Jumatatu na deni litabaki. Maarusi wataanza maisha yao kwa kulipia biskuti zilizokwisha kuliwa. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wala hawakumwagiza mtu aazime utajiri ili aonekane ana moyo.

Na ikiwa twataka mfano wa harusi iliyohudumiwa vema, tukumbuke Kana ya Galilaya. Wengi huitaja harusi ile kwa sababu ya divai nyingi: mabalasi sita ya mawe, kila moja likichukua nzio mbili au tatu. Sisi twapenda kuangalia jambo jingine katika habari ile ya Mtakatifu Yohane. Mkuu wa meza alipoionja divai hakujua imetoka wapi. Waliojua ni watumishi waliochota maji. Wageni walipata karamu, bwana harusi akapata sifa, na Mtoaji mwenyewe hakutajwa mezani. Aibu ya nyumba ilifunikwa kabla haijafunuliwa. Na siri hiyo hawakupewa waliokaa mbele. Walipewa wachota maji. Shangazi wa Ugweno angekuwa miongoni mwao.

Turudi sasa Kileo, maana wasomaji watataka kujua mwisho. Mama yule alipokwisha kusema, kijana aliyeshauri mifuko hakukasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba karatasi ya katibu, akaanza kufuta. Alifuta kikombe, alifuta korosho, alifuta biskuti na taulo. Yakabaki maji, sabuni, na karatasi yenye ratiba pamoja na nambari za simu za watu wawili walio tayari kuamshwa usiku. Gharama ilishuka ikawa shilingi 5,000. Ndipo kamati ikaamua kwamba mfuko utapewa kila mtu atakayelala nje ya nyumba yake kwa ajili ya harusi, ametoka Dar es Salaam au ametoka mlimani. Wa mjini 60, wa mlimani 34: jumla watu 94, na shilingi 470,000. Zilizobaki, shilingi 250,000, zilitengwa kwa gari la kuwapokea wanaofika usiku, na kwa sufuria ya makande na chai ya tangawizi ya milima ya Same, viwekwe mlangoni kwa kila atakayeingia, aliyechanga na asiyechanga.

Palikuwa na mzaha pia. Mzee mmoja alisema kwamba kijiji chenye jina la Kileo hakiwezi kutoa mfuko usio na kileo ndani yake. Akajibiwa kwamba mgeni ataonja jina la kijiji kwa wakati wake, lakini usiku wa kwanza ahitaji maji. Na kuhusu mfuko wenyewe, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, akina mama walishauri vikapu vidogo vya ukindu kwa wale watakaoweza kuvisuka, na mifuko ya karatasi kwa waliosalia. Shangazi naye aliandikwa kwa jina lake, pamoja na nyumba atakayolala. Mbele ya jina lake katibu aliongeza, kwa mkono wake mwenyewe, neno moja: "Kiti."

Twalipenda neno hilo kuliko hesabu zote zilizotangulia. Maana mtu aliyetembea na ndizi kichwani hahitaji ratiba wala nambari ya simu. Ahitaji kupokewa mzigo na kuambiwa aketi. Anayeliona hilo amekwisha kuelewa ukarimu, na anaweza kuaminiwa kugawa mifuko.

Kwa hiyo twawaomba wazazi, maarusi na wajumbe wa kamati po pote walipo: fanyeni mifuko yenu ikiwa mwaweza, wala msiionee haya. Msafiri ana kiu ya kweli na maji ni zawadi ya kweli. Lakini kabla ya kuhesabu mifuko, hesabuni watu. Anzeni na wale ambao hakuna aliyewataja, mwaulize kila mmoja atafika kwa njia gani, atalala wapi, na nani atampokea mzigo. Mkimaliza orodha hiyo, hamtakuwa na shida ya kujua nini cha kutia ndani ya mfuko.