Mkongo unaosikia nyayo: Je, nia njema yatosha?

TAREHE 1 Januari, 2020, watu walijipanga barabarani katika mji wa Pasadena, jimbo la California nchini Marekani, kutazama gwaride la kila mwaka la magari yaliyopambwa kwa maua pamoja na bendi za muziki. Chini ya barabara ile kulikuwa na mkongo wa mawasiliano, wa aina ile ile inayotuletea intaneti. Watafiti waliutumia mkongo huo kuyafuatilia magari na bendi zile zikipita, bila kamera, kwa mitetemo ya ardhi tu.

Yawezekanaje? Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo, nyembamba mithili ya unywele. Chombo kinachofungwa upande mmoja hupeleka mwanga wa leza. Kioo hakikosi kasoro ndogo ndogo, na kila kasoro hurudisha mwanga kidogo. Ardhi ikitikisika, uzi huvutika kiasi kidogo mno, na mwanga unaorudi hubadilika. Kwa kupima muda wa kurudi kwake, hujulikana mtikisiko umetokea sehemu gani. Hivyo mkongo wa makumi ya kilomita hugeuka kuwa maelfu ya vipimo vya mtetemo.

Manufaa yake hayana ubishi. Chuo Kikuu cha Stanford kilianza mwaka 2016 na mkongo wa takriban kilomita 5 uliopita chini ya majengo yake, na katika mwaka wa kwanza ulinasa matukio zaidi ya 800, yakiwemo matetemeko. Mkongo hautabiri tetemeko, bali hulitambua linapoanza. Lakini hata sekunde chache za tahadhari zatosha kuanza kupunguza mwendo wa treni au kumtoa mtoto chini ya ukuta. Sisi tunaokumbuka tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba, 2016, lililoua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi, hatuwezi kuidharau elimu hii. Kuokoa nafsi ni jambo kubwa.

Hata hivyo, ndugu msomaji, sikio lile lile linalosikia tetemeko husikia pia gari lako likitoka alfajiri, na mkongo ukiwa karibu, husikia hata nyayo. Makampuni ya mafuta hutumia njia hii kujua nani anachimba karibu na mabomba yao. Tena kamera waiona ukutani, waweza kuuliza ni ya nani. Mkongo umefukiwa. Hujui kama unasikiliza, wala hujui nani yuko upande wa pili.

Wapo watakaosema: "Asiye na kosa anaogopa nini? Mkongo haujui sura wala jina." Ni kweli haujui. Lakini nyayo zinazotoka kila siku saa ile ile, mlango ule ule, zikienda mahali pale pale, zahitaji jina la nini? Jirani yeyote atamtaja mwenyewe.

Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), akizunguka usiku mjini Madina, alisikia sauti ya maasi ndani ya nyumba, akaparamia ukuta na kumkuta mtu na pombe. Mtu yule akamjibu kuwa yeye amekosea moja, lakini Khalifa amekosea matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na ameingia bila idhini. Umar akamsamehe, akaondoka. Tuzingatie hapa: nia ya Umar ilikuwa njema, na mtu yule alikuwa na kosa kweli. Bado ukuta ulibaki kuwa ukuta.

Je, tuukatae mkongo? Hapana. Tumfikirie mlinzi wa usiku wa mtaani kwetu. Tumemweka atupigie kelele mwizi akija. Katika kuzunguka kwake, atasikia mengi madirishani: nani kagombana na mkewe, nani karudi usiku wa manane. Hatumlaumu kwa kusikia, maana ana masikio. Lakini siku atakapoyapeleka barazani kwenye kahawa, amevunja amana, na kazi hana.

Basi na mkongo ni mlinzi. Watu waambiwe kwamba ardhi yao inasikilizwa, na kwa kazi gani. Cha tetemeko kihifadhiwe, cha nyayo za watu kifutwe. Na anayetaka kuzitumia habari hizo kwa jambo jingine, aje upya kuomba idhini, asijifiche nyuma ya tetemeko.

Kwani manufaa ya kitu hayampi mwenye nacho ruhusa ya kila kitu. Aliyepewa ufunguo ili azime moto nyumbani kwako, moto ukizimika, ufunguo aurudishe.